Ahadi ni deni, lakini ni deni la nini?

Methali yetu inasema ahadi ni deni. Hapa Nakivale naisikia karibu kila wiki. Mzee anaisema kwenye kikao cha familia, mama anaisema akidai pesa yake ya sombe, na sisi tunaoongoza vikundi vya vijana tunaisema mtu akichelewa mkutanoni. Siipingi. Mtu aliyekopa mbegu za mahindi akaahidi kurudisha baada ya mavuno, arudishe. Lakini kuna ahadi ambayo naona methali hii inaipima kwa kipimo kisicho chake, nayo ni ahadi ya mwili na hamu. Mtu alisema ndiyo miaka kumi iliyopita, na alisema kwa furaha. Leo moyo umegeuka. Je, anadaiwa? Na kama anadaiwa, anadaiwa nini hasa?

Nitaliuliza swali hili kupitia mfano ambao wengi wetu hatupendi kuutaja. Kuna watu wazima wawili wanaopatana kwamba, katika mapenzi yao, mmoja ataamuru na mwingine atatii. Pengine mmoja atafungwa mikono kwa kitambaa, pengine atachapwa kwa kipimo walichokubaliana. Kwa herufi za Kiingereza wanaita BDSM. Wanafanya hivyo kwa sababu wote wawili wanapenda. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu hapa ridhaa ndiyo kila kitu. Ukiiondoa ridhaa, kinachobaki ni ukatili mtupu, hakuna jina lingine.

Najua ninaandika kwa watu gani. Wengi wetu tumetoka Kivu, na kule kufungwa na kupigwa kuna maana nyingine kabisa. Kuna dada zetu na kaka zetu pia ambao hawawezi kusikia maneno haya bila kukumbuka. Kwa hiyo niseme wazi: aliyefanyiwa kwa nguvu hakuwa katika mchezo wa mtu yeyote, na hakuna fikra itakayobadilisha hilo. Hata madaktari wamechora mstari hapohapo. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, mambo haya kati ya watu wazima waliokubaliana hayahesabiwi tena kuwa ugonjwa. Kilichobaki kwenye orodha ni hamu ya kumtesa mtu ambaye hajakubali.

Wengine watasema, haya ni mambo ya wazungu. Jina ni la wazungu, sawa. Lakini kumpa mwenzako uwezo juu yako, hilo lipo katika kila nyumba ninayoijua. Bibi arusi anakaa na mashangazi usiku mzima akifundishwa namna ya kumtii bwana wake na namna ya kumfurahisha. Mwanaume anaambiwa awe kichwa. Tofauti ni kwamba kwetu watu wanapewa nafasi hizo bila kuulizwa, wakati hao wengine wanakaa chini kwanza na kuulizana: unapenda nini, hupendi nini, tukifika wapi tusimame? Katika jambo hilo moja, mimi naona wao wametutangulia.

Kanuni zao si ngumu. Kabla ya yote, mnazungumza. Mnachagua neno la kusimamisha, neno ambalo likitamkwa kila kitu kinakoma palepale bila maswali. Wengine wanatumia rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Katika miaka ya 1980, huko New York, watu wa mambo haya walizifupisha kanuni zao kwa mambo matatu: iwe salama, iwe kwa akili timamu, iwe kwa ridhaa. Nilipozisoma mara ya kwanza nilifikiri, mbona hizi zingetufaa hata sisi tusiofunga mtu kitambaa!

Lakini baadaye nikaona kanuni hizo zina shimo. Zinalinda usiku mmoja vizuri sana, ila ndoa ni miaka. Nilichokuja kuelewa ni hiki: neno la kusimamisha linasimamisha tendo. Halisemi kwamba mtu mwenyewe amebadilika.

Nina rafiki yangu Kampala, mtu mzima, ana bwana na watoto. Ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Yeye na bwana yake walikuwa na mapatano ya namna hii tangu mwanzo, na yeye ndiye aliyeyataka. Ana mashine za kushona, ana wasichana wawili wanaomfanyia kazi, anagombana na mwenye nyumba, anafuata karatasi za familia nzima ofisini. Mchana kutwa anaamua yeye. Usiku alipenda mtu mwingine aamue. Aliniambia kwamba ilikuwa kama kutua ndoo kichwani baada ya kupanda mlima.

Kisha mama yake akafa Uvira, na yeye hakuweza kwenda kuzika. Baada ya hapo, ile sauti ya kuamuru ambayo zamani ilikuwa inampumzisha ikaanza kumwacha peke yake. Hakuna aliyemkosea. Bwana alikuwa yuleyule, maneno yaleyale, kipimo kilekile. Ila aliyekuwa anasikia alikuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike. Aliendelea kusema ndiyo karibu mwaka mzima. Neno la kusimamisha alikuwa nalo, na hakulitumia. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, "Lile neno ni la kusema leo hapana. Mimi nilitaka kusema mimi si yule tena, na hilo tulikuwa hatujalitafutia neno." Na akaongeza kwamba alijiona ana deni. Yeye ndiye aliyeomba, yeye ndiye aliyemfundisha bwana yake apende hivyo. Sasa atamwambiaje kwamba duka limefungwa?

Alipomwambia hatimaye, bwana aliumia. Alisema, "Lakini hii njo ilikuwa yetu." Sentensi hiyo nimeifikiria sana. Si sentensi ya mtu mbaya. Ni ya mtu anayepoteza kitu ambacho ni wao wawili tu waliokuwa wanakijua duniani.

Basi nani ana haki hapo? Wazee wa methali wangesema mwanamke ana deni. Vijana wa kikundi changu, hasa wale waliozoea kusikia kuhusu haki za binadamu, wangesema hana deni lolote, mwili ni wake, mjadala umekwisha. Mimi naona wote wamewahi kufunga kesi.

Mwaka 1859 mwanafikra wa Uingereza, John Stuart Mill, alitoa kitabu kuhusu uhuru. Humo anauliza kama mtu huru anaweza kujiuza kuwa mtumwa kwa mkataba aliousaini mwenyewe. Anajibu hapana, mkataba huo hauna nguvu. Sababu yake ni nzuri: tunaheshimu uamuzi wa mtu kwa ajili ya uhuru wake, na anayejiuza anautumia uhuru mara moja tu ili asiwe nao tena kamwe. Kwa hiyo ile ndiyo inayoua kila hapana ya mbele haiwezi kuwa halali. Hapo vijana wangu watapiga makofi.

Lakini Mill hakuishia hapo. Anasema pia kwamba ukimfanya mwenzako akutegemee, kwa maneno au kwa matendo, na yeye akajenga maisha yake juu ya tegemeo hilo, basi umezaa wajibu mpya. Wajibu huo unaweza kushindwa na jambo zito zaidi, ila huwezi kujifanya haupo. Hapo wazee nao wanapata sehemu yao. Yule bwana wa Kampala hakudai mwili wa mke wake kama mtu anayedai pesa. Lakini alikuwa na haki ya kutoachwa gizani mwaka mzima, akiamini kwamba anampa mke raha kumbe anampa upweke. Yeye pia alidanganyika ndani ya nyumba yake, na ukiuliza aliyemdanganya utakuta ni ile imani kwamba hamu ni deni.

Kuna habari nyingine ya zamani inayonisaidia hapa. Mwandishi Leopold von Sacher-Masoch alizaliwa mwaka 1836 katika mji ambao leo ni Lviv, nchini Ukraine. Neno ambalo Wazungu wanatumia kwa mtu anayependa kuumizwa lilitengenezwa na daktari mmoja kutokana na jina lake, tena mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1869 aliandikiana mkataba na mwanamke aitwaye Fanny Pistor: yeye mwanaume atakuwa mtumwa wake kwa miezi sita. Mwaka uliofuata akatoa riwaya juu ya mambo hayohayo. Kisha mwaka 1873 akaoa mwanamke mwingine, ambaye alichukua jina la mwanamke wa kwenye riwaya, Wanda.

Mwaka 1906, mwandishi akiwa ameshakufa, Wanda alichapisha kumbukumbu zake. Anasimulia kwamba mwaka baada ya mwaka alisukumwa acheze nafasi ya mwanamke mkatili, nafasi ambayo yeye hakuwa na hamu nayo. Huo ni upande wake tu wa habari, na mumewe hakuwepo tena kujibu. Lakini angalia ajabu iliyopo. Kwenye mchezo, mwanamke ndiye mwenye amri na mwanaume ndiye mtumwa. Nyumbani, mtumwa ndiye aliyeamua mchezo uchezwe, na malkia ndiye aliyekuwa hawezi kukataa. Kwa hiyo ukitaka kujua nani ana nguvu, usiangalie nani ameshika fimbo. Angalia nani anaweza kusema imetosha, na maisha yakaendelea.

Ninajiuliza pia juu ya ile miezi sita. Mkataba wa kwanza ulikuwa na mwisho ulioandikwa. Siku ikifika, kila mmoja yuko huru, na kama wanataka kuendelea lazima waulizane upya. Ndoa haikuwa na siku kama hiyo. Hamu ya mwanaume ilibaki palepale, na mke akageuzwa kuwa mtu wa kitabu.

Sisi wakimbizi tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unasema kurudi nyumbani lazima kuwe kwa hiari, na hakuna mkimbizi atakayerudishwa bila kupenda. Neno hiari tunalijua. Fikiria mtu aliyejiandikisha kurudi. Usiku anapata simu kwamba kijijini kwake risasi zimeanza tena. Asubuhi anasema, mimi sipandi basi. Nani kati yetu angemwambia, "Lakini uliandika jina lako"? Tungesema hiari yake ilikuwa hai, na kitu kilicho hai kinasikia habari mpya. Tukirudi nyumbani jioni tunamwambia msichana kinyume chake: "Uliitika weye mwenyewe, sasa unakatala nini?"

Sentensi hiyo naisikia mno katika kazi yangu. Wanaisema wavulana, wanaisema mashangazi, wakati mwingine anaisema mama mzazi. Msichana aliitika mahari, basi ameitika yote, ya leo na ya miaka ishirini ijayo. Na mara nyingi kuna kitu kizito nyuma yake: jina lake liko kwenye karatasi ya familia ambayo kichwa chake ni bwana, chakula kinapokelewa kwa karatasi hiyo, na ndugu zake wako mbali. Ndiyo yake ina njaa ndani yake. Kwa hiyo kipimo changu cha ridhaa katika uhusiano mrefu ni swali moja: huyu mtu akisema hapana leo usiku, kesho atakula? Atalala wapi? Watoto atawaona? Kama jibu ni baya, basi hatujui bado kama ndiyo yake ni ndiyo. Tunajua tu kwamba hana njia nyingine. Rafiki yangu wa Kampala alikuwa na mashine zake za kushona, na bado ilimchukua mwaka kusema.

Mzee mmoja ninayemheshimu aliwahi kunipinga juu ya hili. Alisema, "Mwanangu, kama kila mtu ataamka na moyo mpya kila asubuhi, hakuna ndoa, kuna hoteli." Ni pingamizi zuri, na lina ukweli. Watu hawawezi kujenga juu ya kitu kinachohama kila siku. Lakini nadhani mzee anachanganya vitu viwili. Kuna vitu mtu anaweza kuviahidi kwa sababu viko mikononi mwake: nitakuambia ukweli, sitakutoroka, nitakuuguza, sitakudharau mbele za watu. Na kuna vitu ambavyo haviko mikononi mwa mtu: nitakuwa na hamu ileile, nitacheka mambo yaleyale, mwili wangu utaitika vilevile baada ya watoto watatu na misiba miwili. Ukiahidi hivi vya pili unaahidi mvua. Mvua ikikosa kunyesha, hatumshitaki mtu kwa kuvunja ahadi.

Kwa hiyo nakubali kwamba ahadi ni deni, na katika mapenzi ya muda mrefu naona deni lenyewe ni la habari. Ukibadilika, mwenzako anadai kujua, mapema, kwa maneno yanayoeleweka, kabla hujaanza kuigiza. Na yeye anayepokea habari hiyo naye ana deni: asiigeuze kuwa kesi. Akiruhusu kila hapana iwe ugomvi wa siku tatu, atajikuta anapata ndiyo nyingi ambazo ndani hazina kitu.

Mabadiliko hayaendi upande mmoja tu. Mara nyingine mtu anabadilika kwa kutaka zaidi. Alikuwa hataki jambo fulani, miaka imepita, sasa analitamani, na anaona aibu kulisema kwa sababu zamani alilikataa kwa sauti kubwa. Hapana ya jana nayo si gereza. Anaweza kuuliza. Ila kuuliza si kudai, na mwenzake aliyezoea ya zamani hana deni la kufuata mambo mapya. Hata anayeamuru anaweza kuchoka. Watu wanamfikiria kama ndiye anayefaidi, kumbe kuamua kila kitu, kupima kila kitu, kuangalia uso wa mwenzako kila dakika ni kazi. Yule bwana wa Kampala, baada ya wiki kadhaa za kununa, alimwambia mke wake kwamba naye kuna siku alitamani tu kushikwa mkono na kunyamaziwa. Hakuwahi kusema, kwa sababu alidhani nafasi yake haina ruhusa hiyo.

Sitaki kusema mambo yao yamekwisha vizuri. Kuna kitu bwana amekipoteza na hakijarudi, na rafiki yangu anajua. Wanaishi nacho. Angeweza pia kuamua kwamba hawezi kuishi hivyo, akaondoka kwa amani, na nisingemwita mbaya. Haki ya kubadilika inaweza kumuumiza mtu ambaye hajabadilika, na anayesema vingine anawadanganya vijana. Ninachosema ni kwamba maumivu hayo hayampi haki juu ya mwili wa mwenzake.

Hapa Nakivale tuna vikundi vya akiba. Mwisho wa mzunguko tunafungua sanduku, tunagawana, na kila mwanachama anaulizwa: unaendelea? Kwa hisa ngapi? Sheria gani tubadilishe? Anayepunguza hisa hasemwi kuwa msaliti, na anayetoka anatoka na haki yake. Kikundi hakivunjiki kwa kuulizana. Kinachokivunja ni mtu anayeendelea kuchanga asichonacho, akikopa huku na huku kwa aibu, mpaka siku moja haonekani. Rafiki yangu na bwana yake sasa wamechagua siku yao, mara mbili kwa mwaka, watoto wakiwa kwa jirani. Wanapika chai, wanakaa, na kila mmoja anauliza: bado? Kipi bado, na kipi hapana? Mara ya mwisho, ameniambia, walizungumza hadi chai ikapoa.